Jina la Kifungua Mimba

Nipe jina lako kamili nami nitakuambia ulizaliwa wa ngapi kwenu, unamrithi nani, na kama mama yako aliolewa kwa mahari au kwa ahadi. Sijawahi kukosea. Wapelelezi wengine wa Nairobi hii hutembea na kamera na kujificha nyuma ya magazeti kama watu wanaodaiwa kodi. Mimi huketi kwenye stuli dukani kwa Abdiqadir, hapa mtaani Fedha, na kuuliza swali moja tu: unaitwa nani?

Mfano ni mimi mwenyewe. Naitwa Nzivo wa Maingi. Mkamba akisikia hivyo hana haja ya kuuliza zaidi. Baba yangu ni Maingi, babu mzaa baba alikuwa Nzivo, na mimi ndiye kifungua mimba, kwa maana jina la babu upande wa baba hupewa mtoto wa kwanza wa kiume na hakuna mjadala. Kwa jina hilo nimewatambia wadogo zangu tangu tukigombea ukoko wa ugali. Hata mama yangu, Kasiva, hajawahi kunitaja. Ni jina la baba mkwe wake, atalitamkaje? Huniita "Mzee" tangu nikiwa na nepi.

"Babu mmoja tu ndiye unayejisifia?" Abdiqadir aliniambia asubuhi hiyo, akifunga sukari. "Mimi Msomali nikianza kutaja baba zangu kwa mpangilio, chai yako itapoa kabla sijafika katikati."

"Na kati ya hao wote hakuna aliyekufundisha kutia majani ya kutosha."

Alicheka na kuyakandamiza magazeti yake kwa kile kifaru cha mti nilichompa Krismasi. Baba yangu huchonga vifaru akipumzika, na kila kifaru chake kina sikio la kushoto fupi kuliko la kulia. Hukimbilia kumaliza. Tumemwambia mpaka tumechoka.

Ndipo akaingia Jecinta, Mama Eve, mke wa Mzee Ng'ang'a mwenye duka la misumari na saruji. Hakusalimu. Alikaa juu ya gunia la mchele na kumtazama Abdiqadir mpaka Abdiqadir akakumbuka kwamba ana kazi stoo.

"Nzivo," alisema, "baba yako na mume wangu walikaa nyumba moja Makongeni walipokuwa vijana wa reli, kabla ya kuoa. Ndiyo maana nimekuja kwako. Sitaki mtu wa nje apate pa kunichekea."

"Sema, Mama Eve."

"Eve ameleta mchumba. Jumamosi watu wake wanakuja kwetu kuleta posa. Kijana ni mzuri, ana kazi, kanisani anakwenda. Nikamuuliza jina."

"Akasema?"

"Wanyoike."

"Ni jina zuri."

"Ni jina la baba mkwe wangu!" Gunia lilitoa sauti chini yake. "Kijana wangu wa kwanza anaitwa nani?"

"Wanyoike."

"Na huyu kazaliwa Makongeni, miaka ileile mume wangu alikuwa huko. Mama yake hakuolewa. Baba hamjui. Ni kifungua mimba na anaitwa Wanyoike. Nikimuuliza Ng'ang'a ananiambia sina haya, kisha anaongeza sauti ya redio. Sasa mimi nipike chapati za kumwozesha mtoto wangu kwa ndugu yake?"

Nilimwambia atulie. Kazi kama hiyo kwangu ni ya kuanza kabla ya chai na kumaliza kabla ya chakula cha mchana.

Makongeni nilianzia kwa Nabwire, anayekaanga samaki mbele ya safu za nyumba za reli tangu kabla sijazaliwa. Nilinunua samaki mkubwa ili maswali yapite vizuri.

"Nyokabi wa simu?" alisema. Hilo ndilo jina la mama wa kijana. "Ee, alikuwa na mwanamume. Mtu wa reli. Alikuwa anatoka nyumba ile ya mlango wa kijani."

Nyumba ya mlango wa kijani! Ndiyo waliyokaa Mzee Ng'ang'a na baba yangu. Nilitafuna polepole ili nisionekane nimefurahi.

"Alikuwaje?"

"Mrefu. Anaimba akitembea. Siku ya mapumziko anakaa pale kwenye ngazi anachonga vijiti, na takataka zote upepo unaleta kwa samaki yangu. Nilimtukana, akacheka tu."

"Jina lake?"

"We, watu wa reli wa siku hizo walikuwa wanaitana majina ya stesheni. Kulikuwa na Sultani Hamudi, kulikuwa na Voi. Huyo walimwita Mtito."

"Mtito si jina, mama. Kila treni ya Mombasa inapita Mtito Andei."

"Umeniuliza walimwita nani. Nimekwambia. Sasa unataka kubishana au unataka ugali?"

Nilitaka ugali. Hilo la Mtito nililiacha palepale kwa Nabwire pamoja na miba. Mtu anayeshika mkononi jina halisi, la kupewa na wazee, ana shida gani na jina la utani? Na kuhusu vijiti, nani asiyechonga vijiti akiwa hana la kufanya?

Mzee Ng'ang'a nilimkuta dukani kwake akipima nondo. Nilimuuliza waziwazi: Nyokabi wa simu, Makongeni, unamjua?

Aliiweka futi chini. Alinitazama muda mrefu, kwa namna ya mtu anayetafuta kitu usoni pangu.

"Nani amekutuma?"

"Hilo siwezi kusema."

"Ni mke wangu. Mwambie mimi sijamkosea. Zaidi ya hapo sisemi."

"Kama si wewe, ni nani?"

"Kijana, katika Nairobi hii nzima, wewe ndiye mtu wa mwisho nitakayemwambia." Akaiokota futi yake. "Achana na kazi hii. Nenda nyumbani kwenu ukale."

Basi, ungetaka nini tena? Mtu asiye na hatia hujitetea, hupayuka, huapa kwa mama yake. Huyu alinyamaza. Nyumba ni yake, miaka ni yake, na jina la baba yake lilikuwa limekaa juu ya kichwa cha kijana yule kama kofia. Jioni hiyohiyo nilimwambia Mama Eve: ni kweli, kijana ni mtoto wa Ng'ang'a. Majina hayadanganyi.

Sikutarajia kwamba angenisikiliza kwa bidii namna ile. Posa ikafutwa. Mzee Ng'ang'a akahamishiwa dukani, akawa analala kati ya mifuko ya saruji na kuamka kila siku akiwa na mvi nyingi kuliko alizolala nazo. Ijumaa, mtu mwingine wa nyumba ileile akaingia dukani kwa Abdiqadir, na Abdiqadir akaenda stoo bila hata kutazamwa.

"Niaje, Eve."

"Usiniambie niaje." Eve wa Ng'ang'a ni karani wa bima, mtaratibu, hata nywele zake hukaa kwa mstari. Siku hiyo hazikuwa kwa mstari. "Umenifanya dada ya mtu ambaye nimembusu, Nzivo. Unajua hiyo inafanya nini kwa kichwa ya mtu?"

"Pole. Ukweli huwa…"

"Ukweli gani? Nipangie. Taratibu, kama mtoto wa nasari."

Nilimpangia. Nyumba, miaka, jina la babu, mzee aliyenyamaza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mama yake Wanyoike alisema nini?"

"Nani?"

"Nyokabi. Mama yake. Mtu mmoja katika dunia hii yote ambaye lazima anajua. Alisema nini ulipomuuliza?"

Nilikunywa chai. Ilikuwa imekwisha, lakini niliinywa.

"Hukumuuliza," alisema Eve.

"Mambo kama hayo mtu hawezi kumuuliza mama mzima…"

"Hukumuuliza! Ulimuuliza muuza samaki!" Alipiga kaunta, kifaru kikaruka. "Wanyoike ameomba uhamisho wa Kisumu. Jumatatu anaondoka. Hataki kuniona. Kama ni ndugu yangu kweli, sawa, nitalia niache. Lakini sitaachwa kwa sababu wewe ulikuwa mvivu wa kubisha mlango mmoja. Kesho uende. Na usiseme wewe ni mpelelezi, huyo mama atakumwagia maji."

"Ya moto?"

"Ya kuoshea vyombo."

Kutoka stoo Abdiqadir alikohoa kikohozi cha mtu anayecheka.

Jumamosi asubuhi, ambayo ingekuwa siku ya posa, nilibisha mlango wa Nyokabi, kulekule Makongeni. Nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa tai. Hadithi yangu ilikuwa imekamilika: mimi ni jamaa wa Mzee Ng'ang'a, nimetumwa na ukoo kutaka kusikia upande wake ili mambo yapoe. Mama mwenye mtoto huwaambia watu wa ukoo wa mwanamume kile asichowaambia wengine. Nilijiona nina akili mpaka nikajionea wivu.

Mlango ulifunguliwa na mama mwembamba mwenye miwani na sweta iliyofungwa vifungo vyote. Alikuwa opereta wa simu wa reli mpaka alipostaafu, na simu ilikuwa imekaa mezani kwake juu ya kitambaa cha kusukwa kama mgeni rasmi.

"Karibu. Wewe ni nani?"

"Naitwa Kamau, mama. Mzee Ng'ang'a ni baba mdogo wangu. Baba yangu ndiye kaka yake mkubwa."

Aliinamisha kichwa kidogo, upande wa sikio la kulia. "Kaa."

Nilikaa. Alimimina chai kutoka kwenye thermosi. Kwenye kabati la vyombo, kati ya vikombe vya harusi za watu wengine, palikuwa na kifaru cha mti, sikio la kushoto fupi. Nilikasirika kidogo kwa niaba ya taifa. Inaonekana wachongaji wote wa nchi hii hukimbilia kumaliza.

"Kamau," alisema. "Wewe ni wa ngapi kwenu?"

"Wa kwanza, mama."

"Wa kwanza kabisa? Au una dada mbele yako?"

"Wa kwanza kabisa."

"Na baba yake Ng'ang'a aliitwa nani?"

Hilo nilikuwa nalo. "Wanyoike," nikasema, kwa sauti ya mwanafunzi aliyeinua mkono kabla ya wengine.

"Na huyo Wanyoike ndiye baba wa baba yako vilevile."

"Ndiye, mama."

"Kwa hivyo wewe ni mtoto wa kwanza wa mtoto wa kwanza wa Wanyoike." Alikoroga chai yake. "Na unaitwa Kamau."

Kutoka nje nilisikia Nabwire akimfukuza paka.

"Ni… jina la jirani," nikasema. "Alikuwa mtu mwema sana."

"Jirani akapewa jina kabla ya babu. Babu alikuwa ameiba nini?"

"Mama…"

"Kijana, Mkikuyu wa kuitwa Kamau hapo ulipojiweka hayupo. Hata mlevi hawezi kukosea hivyo. Mtu aliyefika Fedha kuwaambia watu kwamba mtoto wangu ni wa Ng'ang'a kwa sababu ya jina, ni wewe?"

Nilitazama mlango. Alikuwa ameufunga, na beseni la maji ya vyombo lilikuwa karibu naye kuliko nami.

"Ni mimi."

"Nilijua. Nabwire aliniambia kuna mjinga anayeulizauliza." Hakuinua sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Sasa nisikilize, maana nitasema mara moja. Baba yangu mimi anaitwa nani?"

"Sijui, mama."

"Hujui. Ungeuliza. Anaitwa Wanyoike. Yuko Kandara, anachuma kahawa na ana meno yake yote. Nilipomzaa mtoto wangu hakuna aliyekuwa amepeleka mbuzi kwa baba yangu. Hata mmoja. Hata kamba ya mbuzi. Mtoto wa msichana ambaye hajatolewa mahari ni wa nyumba ya baba yake msichana, na jina anachukua huko. Ningempa jina la watu wasioujua hata mlango wa kwetu?"

Nilikiweka kikombe chini. Kwa hivyo jina lile halikuwa limemwelekea baba wa kijana hata siku moja. Lilikuwa limemwelekea mama, tangu mwanzo, na lilikuwa likisema kitu rahisi kabisa: huyu hakuolewa. Nilikuwa nimelisoma kama mtu anayesoma gazeti juu chini na kulalamika kwamba picha ni mbaya.

"Kwa hivyo Mzee Ng'ang'a…"

"Ng'ang'a aliniletea unga nilipokuwa mgonjwa, na akanyamaza kwa ajili ya rafiki yake. Mpaka leo ananyamaza, na ninasikia analala kwenye saruji."

"Rafiki yake yupi?"

Alivua miwani na kuipangusa kwa sweta.

"Walikuwa wawili katika nyumba ile," alisema. "Wewe, mpelelezi mzima, uliambiwa nyumba moja, ukahesabu mtu mmoja?"

Nililegeza tai.

"Siku mtoto alipozaliwa, alisimama hapo ulipoketi, bado ana masizi ya injini. Akamchukua mtoto. Akasema, kwetu Ukambani kifungua mimba huitwa jina la baba yangu, huyu nitamwita hivyo. Nikamwambia, lete mbuzi kwa baba yangu, kisha ulete jina lako. Akasema ni haki. Akasema anakwenda kwao kuwaita wazee." Alirudisha miwani. "Alikwenda. Akarudi na mke. Kwao walikuwa wamemchagulia, naye akashindwa kufungua mdomo. Mtu wa kuimba barabara nzima, siku hiyo akakosa sauti. Jina akarudi nalo mfukoni. Nimejiuliza miaka hii yote alikwenda kumpa nani."

Kifaru kilikuwa kinanitazama kwa macho yake mawili na sikio lake moja na nusu. Mrefu, alisema Nabwire. Anaimba akitembea. Mtito. Baba yangu alizaliwa nje kidogo ya Mtito Andei. Hata kondoo wa huko wanamjua. Leo ni mzee wa kanisa, na kila Jumapili huongoza wimbo wa kwanza, na mama yangu hukaa safu ya mbele amefunga kitambaa cheupe.

"Mama," nikasema, "nadhani nitakwenda."

"Kaa. Nimesikiliza sauti za watu wa reli kwenye waya maisha yangu yote ya kazi. Naijua sauti kabla mtu hajamaliza kusema halo. Ulipobisha na kusema naitwa Kamau, nilimsikia baba yako."

Aliivuta simu kwake na kuzungusha namba bila kutazama vidole. Kutoka kwenye mkono wa simu nilisikia mlio mara kadhaa, kisha sauti kali ninayoijua.

"Halo?"

"Mama Eve," alisema Nyokabi, "ni mama yake Wanyoike. Usikate. Yule kijana uliyemtuma yuko hapa kwangu, anataka kusahihisha kazi yake." Akaufunika mkono wa simu kwa kiganja. "Mimi hataniamini, hata mwanangu hakuniamini. Ng'ang'a hamwamini. Watoto wawili watapotezana Jumatatu. Ukinyamaza hapa, basi umefanana na baba yako kila kitu, si sauti tu."

"Ana mke," nikasema. "Mama yangu hajui. Hajawahi hata kunitaja jina, kwa heshima."

"Najua. Nami sikumtaja mumewe, miaka yote hii. Kwa heshima vilevile." Alininyooshea mkono wa simu, nikaupokea na kuuziba. "Hili ni swali lako, wanasema mtaani ndilo unalouliza kila mtu. Haya. Unaitwa nani?"

"Nzivo wa Maingi."

Alifumba macho kidogo aliposikia jina lile, kama mtu aliyeguswa bega katika umati.

"Mtoto wa ngapi?"

"Halo?" Mama Eve alikuwa anasema ndani ya kiganja changu. "Halo! Nani huyo? Sema!"

Niliuweka mkono wa simu sikioni.

"Wa pili," nikasema.